Ndizi na Jiwe

Ukitoka Likoni kwa njia ya kusini, ukafika Ukunda, kisha ukakata mkono wa kushoto kuielekea bahari, hutachukua muda mrefu kabla ya kuingia Diani. Hapo zamani msitu ulifuatana na pwani kwa masafa marefu. Leo umebaki vipande vipande baina ya hoteli na nyumba za wageni. Katika vipande hivyo huishi mbega wenye mabega meupe, na kima, na tumbili, na nyani. Ni nadra msafiri kufika huko asiwatazame, na katika zama hizi ambapo karibu kila mtu ana kamera ndani ya simu yake, ni wachache wanaotazama bila ya kupiga picha. Mimi sikuwa katika hao wachache.

Nataka nikusimulie, ewe msomaji, jambo dogo nililolitenda huko, dogo kiasi cha ndizi moja, kisha tulipime wewe na mimi kama lilikuwa jema au baya. Usinihurumie kwa kuwa mimi ni mwalimu. Mwalimu naye hukosea hesabu ubaoni.

Nilikwenda Diani wakati wa likizo ya Aprili pamoja na walimu wenzangu wawili. Asubuhi ya pili tulikuwa barazani tukinywa chai, wakaja tumbili sita au saba wakaketi juu ya ukuta. Mmoja wao, dume, alikuwa amekatika ncha ya sikio la kushoto. Palikuwa na kibao kilichowakataza wageni kuwalisha wanyama. Nilikisoma; tena nilikisoma kwa sauti, kama ilivyo desturi ya walimu. Lakini kila nilipoinua simu yangu, tumbili yule aligeuza uso, nikawa napata picha za kisogo na mkia. Basi nikatwaa ndizi sahanini, nikaimenya nusu, nikainyosha kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikashika simu. Akaja. Alisita hatua mbili mbali nami, akanitazama, akafunua meno yake yote. Kisha akainyakua ndizi akaruka ukutani. Picha ilitoka safi, hata vidole vyake vyaweza kuhesabiwa.

Hoja yangu wakati ule ilikuwa nyepesi. Tumbili amepata ndizi, mimi nimepata picha, na mwenye nyumba hakupungukiwa na kitu, maana chakula kile nilikuwa nimekilipia. Biashara gani iliyo ya haki kuliko ile ambayo kila mmoja huondoka na alichokitaka? Hoja hii ndiyo watumiayo wasafiri wengi, nami nakuomba usiidharau upesi, kwa kuwa si hoja ya watu waovu. Ni hoja ya watu wanaowapenda wanyama.

Tuliporudi shuleni niliichapisha picha ile kwa ukubwa wa kurasa mbili za daftari, nikaibandika katika darasa la kidato cha pili, na chini yake nikaandika: Rafiki Yangu wa Diani. Wanafunzi walifurahi mno. Msichana mmoja asiyependa kusema sana akauliza, “Mwalimu, alikuwa anacheka nini?” Nikamjibu kwamba alikuwa akiifurahia ndizi. Jibu likapita, kama yapitavyo majibu mengi ya walimu. Likaja kuniuma miezi kadhaa baadaye, niliposoma kwamba kwa wanyama wa jamii hii kufunua meno mbele ya mwenye nguvu aghalabu si kicheko, bali ni hofu. Rafiki yangu wa Diani hakuwa akicheka. Alikuwa akivutwa mbele na tamaa na kurudishwa nyuma na woga, na katika nukta ile ya mashaka yake mimi nikabonyeza. Kisha nikawafundisha watoto darasa zima kuisoma hofu kuwa ni furaha. Nilikwenda nikaitazama picha tena. Haikubadilika hata kidogo, isipokuwa maana yake yote.

Wanafalsafa wamekwisha kuuliza mengi juu ya haki ya mnyama. Immanuel Kant, Mjerumani wa karne ya 18, alifundisha kwamba hatuna wajibu kwa mnyama mwenyewe, ila amtesaye mnyama huuzoeza moyo wake ukatili, na moyo huo ataupeleka kwa watu. Mwingereza Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, alishika njia nyingine: kwake kipimo si akili ya mnyama wala usemi wake, bali ni uwezo wake wa kuhisi maumivu. Wote wawili hutufaa tunapozungumza juu ya fimbo na mtego. Lakini mimi sikumpiga tumbili wala sikumtega. Nilimpa kitu kitamu. Basi kosa, kama lipo, sharti litafutwe mahali pengine.

Mimi naona kwamba kosa lilikuwa uongo.

Pengine utasema, mtu amdanganye vipi mnyama asiye na lugha? Hebu twende Amboseli, katika nchi yetu hii, mahali ambapo mlima Kilimanjaro huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Huko Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichunguza milio ya tumbili, wakatangaza waliyoyaona mwaka 1980. Tumbili ana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, na mwingine wa nyoka. Wasikiapo mlio wa chui hukimbilia mitini. Wasikiapo wa tai hutazama juu au hujificha vichakani. Na wasikiapo wa nyoka husimama kwa miguu miwili wakachungulia majani. Wachunguzi hao walificha kipaza sauti kichakani, wakazitoa sauti walizozirekodi, na tumbili wakatenda vivyo hivyo ingawa hapakuwa na chui, wala tai, wala nyoka. Baadaye Cheney na Seyfarth wakaona jambo linalostaajabisha zaidi: mlio wa tumbili mmoja ukirudiwarudiwa bila ya jambo lolote kutokea, wenzake huacha kuujali mlio wa huyo mmoja, lakini wa wengine huendelea kuujali. Yaani tumbili wana namna yao ya kumjua mzushi.

Mnyama wa jinsi hii husoma ishara, na ndizi katika mkono wa mtu ni ishara. Husema: mtu ni salama, mkono wa mtu ni tawi lenye matunda. Je, maneno hayo yalikuwa kweli? Mimi nilikuwa mgeni wa siku tatu. Waliobaki nyuma yangu walikuwa watu wenye mashamba, na wapishi, na walinzi wa malango, na mama mwenye mtoto ashikaye biskuti. Nilimwambia tumbili jambo juu ya binadamu wote, na hapakuwa na aliyenituma kuwasemea.

Sasa nikupe habari ya jiwe.

Mimi nilikulia kando ya msitu wa Kakamega. Mahindi yalipoanza kubeba, kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya ulingo tangu alfajiri, manati mkononi na mawe katika mfuko wa kaptura, na siku nyingine shule ilinikosa kwa sababu hiyo. Mtu asiyepata kupoteza hindi hata moja humwona nyani kuwa ni mandhari nzuri. Nyanya yangu alimwona kuwa ni karo ya shule inayoliwa mbele ya macho yake. Kundi la nyani laweza kuharibu kwa asubuhi moja kazi ya mwezi, na hawali hindi wakalimaliza. Huuma, hutupa, hushika jingine. Kwa hiyo msafiri anayemkemea mkulima kwa kuwafukuza wanyama, kisha akapanda gari akaenda zake, nami humkemea yeye.

Nilirusha mawe mengi. Siku moja jiwe langu lilimpata tumbili mguuni, akalia, akachechemea kuingia msituni. Nilidhani nitasifiwa. Nyanya alishuka kutoka upande wa pili wa shamba akaniambia kwa lugha yetu, “Nilikutuma umfukuze. Sikukutuma umvunje.” Siku ile sikupewa tena manati, nilipewa debe tupu na kijiti cha kulipigia.

Basi usidhani kwamba nalisifu jiwe. Jiwe huumiza, na mguu ule uliovunjika au usiovunjika, sikujua, bado naukumbuka. Lakini kuna jambo moja ambalo jiwe, na hata debe, lilimtendea tumbili ambalo ndizi haikumtendea. Lilimwambia kweli. Lilimwambia kwamba hapa yupo mtu, mtu ana mpaka wake, nawe kaa upande wako. Tumbili aliyelisikia alirudi msituni na hofu yake kamili. Hofu kwa mnyama wa mwituni ni kama akiba kwa mtu maskini. Hutamani kuwa nayo, wala haipendezi kuitazama, lakini ndiyo imwokoayo siku mbaya. Mimi kwa ndizi yangu niliichukua sehemu ya akiba hiyo, na badala yake nikampa utamu wa dakika moja.

Mwaka uliofuata nilirudi Diani, nyumba ile ile. Tumbili walikuja ukutani kama kwanza, lakini yule wa sikio lililokatika sikumwona. Nikamwuliza mzee mtunza bustani, Mdigo wa huko huko, aliyekuwa akifagia majani ya mkwaju.

“Shikamoo, mzee. Yule dume mwenye sikio bovu amehama?”

“Marahaba, mwanangu. Hakuhama. Amekufa.”

Akanieleza polepole, bila kuacha kufagia. Tumbili yule alikuwa amezoea kuingia vyumbani. Alifungua mikoba. Kisha siku moja alimparura mtoto wa mgeni akitaka mkate ulio mkononi mwake, na mgeni akapiga kelele nyingi, na baada ya siku mbili tumbili akaonekana amekufa karibu na ua.

“Aliyempiga nani, mzee?”

“Namjua, lakini sitakutajia. Ana watoto, na kazi aliyoajiriwa ni kuwafukuza. Ila ndizi hakumpa yeye.”

Hakunitazama aliposema hivyo, wala sidhani kwamba aliikumbuka ndizi yangu hasa. Wageni waliotoa ndizi walikuwa wengi, nami siwezi kusema kwamba yangu ndiyo iliyomwua. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, ewe msomaji. Kama ningalimpiga jiwe, ningalijua kwamba ni mimi. Wema wa namna hii hugawanyika kwa watu mia, kila mmoja akachukua picha yake nyumbani, na dhambi yake ikawa nyembamba hata haionekani mkononi mwa yeyote.

Usiku ule nilikumbuka hadithi ambayo bila shaka umesimuliwa, ya kima na papa. Kima alikaa katika mkuyu ulioinamia bahari, akawa akimtupia papa matunda, wakawa marafiki. Kisha papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, na walipofika katikati ya maji akamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajiokoa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Tangu utotoni nilijiona mimi ni kima katika hadithi ile, maana kila msikilizaji hujipa nafasi ya mwerevu. Barazani Diani niliona kwamba mambo yamegeuka. Sisi ndio tunaotoa matunda na sisi ndio tunaoalika, na aalikwaye hajaambiwa ni kitu gani kinachotakiwa kwake. Tofauti ni kwamba tumbili wangu hakuupata mti wa kurudia.

Hata walio wakubwa katika kazi hii walipitia njia ya ndizi. Jane Goodall alifika Gombe, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Julai 1960, na kwa miezi mingi sokwe walimkimbia kila walipomwona. (Sokwe si tumbili, hana hata mkia, lakini katika jambo hili wako darasa moja.) Subira yake ilimpa mengi: mwaka ule ule alimwona sokwe akivua mchwa kwa ujiti, jambo ambalo wengi walidhani halimo katika uwezo wa mnyama. Baadaye ndizi zikaanza kutolewa kambini, na Hugo van Lawick, mpiga picha aliyefika mwaka 1962, akapata picha zilizoenea duniani kote. Lakini Goodall mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1971, alieleza kwamba kulisha kule kulikuwa kumewabadili sokwe. Walikusanyika kambini kwa wingi kuliko desturi yao, na madume wakazidi ugomvi. Utaratibu ukabadilishwa na ndizi zikapunguzwa. Mimi humheshimu kwa yale aliyoyagundua, lakini humheshimu zaidi kwa ukurasa ule aliokiri.

Pana kesi nyingine ambayo huenda umeisikia. Mwaka 2011 magazeti yalichapisha picha ya nyani mweusi wa kisiwa cha Sulawesi, huko Indonesia, iliyopigwa kwa kamera ya Mwingereza David Slater, lakini aliyebonyeza alikuwa nyani mwenyewe. Naye pia amefunua meno, na dunia nzima ikasema anatabasamu. Mwaka 2015 shirika la PETA la Marekani lilifungua kesi kwa niaba ya nyani likitaka picha iwe mali yake. Mahakama ikakataa mwaka 2016, na ile ya rufani ikakataa mwaka 2018. Katikati yake, mwaka 2017, pande mbili zilikuwa zimepatana kwamba robo ya mapato ya baadaye ya picha hiyo itolewe kwa ajili ya kuwalinda nyani wa huko. Miaka mitatu watu wenye elimu waligombania picha ni ya nani. Swali hilo lina uzito wake, lakini mimi lile linalonikosesha usingizi ni dogo zaidi: picha imegharimu nini, na gharama yake imelipwa na nani?

Maana sisemi kwamba tusipige picha. Wako watu wengi wanaowapenda mbega bila kuwaona popote ila katika picha, na mapenzi ya watu hao hayakupotea bure. Huko Diani shirika lililoanzishwa mwaka 1997 limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kukanyagwa na magari, na hukata matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme. Kazi kama hiyo huhitaji fedha, na watu hawatoi fedha kwa ajili ya mnyama wasiyepata kumwona. Picha iliyopigwa kwa mbali, na mtu aliyekaa kimya, haikumpokonya mbega kitu chochote.

Ugumu ni kwamba picha ya namna hiyo hugharimu kitu, ila gharama humwangukia mpiga picha. Hugharimu muda. Hugharimu shingo inayouma kwa kutazama juu. Hugharimu pia kiburi, kwa sababu msituni mgeni ni kuku mweupe, kila jicho linamwona kabla yeye hajaona jicho hata moja, na sharti akubali kutazamwa kwanza. Kisha, baada ya kulipa yote hayo, yawezekana asipate picha. Nadhani jambo hili la mwisho ndilo linalotushinda. Tumezoea kwamba aliyelipa nauli amelipia na mnyama.

Agosti ya mwaka ule niliwapeleka wanafunzi wangu, sasa wako kidato cha tatu, katika msitu wa Kakamega upande wa Buyangu. Mwongoza wageni alituonyesha mti mmoja mrefu akasema kwamba juu yake wapo mbega. Tukakaa chini yake. Mbega hula majani, na majani huchukua muda mrefu tumboni, kwa hiyo mnyama huyu hupumzika sehemu kubwa ya mchana, na mbega aliyepumzika juu ya mti wenye majani mengi hana tofauti na kivuli. Saa ya kwanza ikapita. Manyunyu yakaja, yakaondoka. Mvulana mmoja akachomoa kipande cha mkate mfukoni, akauliza kama tukikiweka juu ya gogo hawatashuka. Yule msichana asiyependa kusema sana hakumjibu, alinitazama mimi. Mvulana akaula mkate wake mwenyewe.

Katika saa ya pili kitu cheupe kilishuka kati ya majani kama pazia linalofungwa, tawi likainama, na wanafunzi wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Nilipiga picha tatu. Mbili hazifai.

Ile ya tatu iko darasani, kando ya ile ya Diani, ambayo sikuiondoa ila maandishi yake nimeyakata kwa mkasi. Wageni wakiingia huitazama ya Diani kwanza, wakatabasamu, kisha hutazama ya pili wakauliza mnyama yuko wapi. Wanafunzi huwaonyesha kwa kidole, wala hawakubaliani. Wengine husema kwamba ule weupe ulio kushoto, chini ya tawi lililovunjika, ni mkia. Wengine wanashikilia kwamba ni anga inayoonekana kati ya majani, na kwamba mkia ni ule mwingine ulio juu yake. Mimi nilikuwapo, na nimeulizwa mara nyingi niamue. Hujibu kwamba sina hakika, nao hurudi kutazama.